Matope Wakati wa Kiangazi

Mguu wa kulia ulisema kuna matope.

Ulisema hivyo Jumatatu, ukarudia Jumanne, na kila ndege iliyotua katika kisiwa cha Namutare ilirudi na shauri lilelile: kulia kuna matope, egemeeni kushoto. Ingekuwa masika, lisingekuwa jambo la kumwangusha mtu kitini. Lakini kilikuwa kiangazi cha kukausha mate, na huko Kongwa, kwenye karakana ya miguu ya ndege, hata mbuzi wa jirani walikuwa wanalala chini ya bomba wakisubiri tone. Yusta Chilewa aliisoma taarifa ile akiwa amesimama, kikombe mkononi, chai ikampoa.

"Sasa wewe mguu," aliuambia, "hayo matope unayatoa wapi?"

Msimcheke. Pale karakanani kila mtu alizungumza na miguu, na wapo walioigombeza kabisa. Ndege za siku hizo hazikuwa na rubani, na kazi ya kutua iliachiwa miguu yenyewe. Chini ya kila goti la chuma kulikuwa na jicho lililotazama ardhi kabla ya tairi kuigusa, na nyuma ya jicho kulikuwa na wayo, akili ndogo iliyoamua hapa pakanyagwe kwa nguvu, hapa taratibu, hapa pakwepwe. Wayo haukuzaliwa na maarifa hayo. Ulifundishwa na mtu, tena kwa miguu yake.

Mwalimu wa miguu hii alikuwa Yusta, mdogo kuliko wahandisi wote wa karakana na mdadisi kuliko wote. Alivaa soksi za kufundishia, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, zenye vijicho kwenye vidole, akatembea juu ya lami, kokoto, mchanga, nyasi na matope, kiwanja baada ya kiwanja, mpaka mama yake akauliza kama huko chuoni alisomea uhandisi au umachinga. Alichokihisi unyayo wake, wayo wa chuma ulikitunza. Aina tano za ardhi. Aliona zinatosha, na nani angembishia? Hakuna aliyewahi kuona ndege ikitua juu ya kitu cha sita.

Shida ni kwamba miguu ilikuwa inarithishana. Mmoja ukiteleza Namutare, kesho yake yote imepata habari. Na kwa kuwa mguu haujui Namutare ni wapi, unachojua ni kwamba kulia kuna utelezi, basi ndege za nchi nzima zilianza kuegemea kushoto. Songea zilichechemea, Tabora zilichechemea. Miguu ya kushoto ikaanza kuota nyufa, na ufa kwenye goti la ndege si wa kuzibwa kwa gundi.

"Tuufute," alisema Mhandisi Mkuu Kapufi. Alikuwa mtu wa Sumbawanga, mpole wa sauti, mgumu wa maamuzi. "Somo zima la matope, miguu yote, leo hii. Halafu utaufundisha upya kwa raha zako."

Kufuta kulihitaji sauti ya Yusta. Ndiyo ilikuwa sheria ya karakana: aliyefundisha ndiye afutaye, na aliyefundisha somo jipya ndiye apandaye ndege ya kwanza kulijaribu. Sheria hiyo iliwafanya walimu wa miguu wawe watu waangalifu sana.

"Mzee, kwanza nikayaone hayo matope," alisema Yusta.

"Yusta. Nyufa hazikusubiri wewe umalize kushangaa."

"Nitakwenda asubuhi, nitakupigia mchana. Kama ni ugonjwa wa wayo, nitaufuta palepale. Lakini mguu wangu hausemi uongo, mzee. Nimeulea mwenyewe."

Kapufi alimtazama, akacheka kidogo kwa pua. Alikuwa na mabinti wanne nyumbani na alijua lini kubishana ni kupoteza muda.

* * *

Kesho yake asubuhi Yusta alichagua kiti cha juu ya mguu wa kushoto ili ausikie. Ndege iliposhuka juu ya Namutare, goti lile lilipokea uzito wote peke yake na kuguna, na Yusta aliyekuwa amejiandaa bado alijigonga kiwiko. Alichungulia dirisha la upande wa pili. Nusu ya kulia ya njia ya kutua ilikuwa inang'aa.

Ilikuwa inang'aa kwa dagaa. Dagaa wabichi, waliotoka ziwani asubuhi ile, wameanikwa juu ya lami ya serikali tangu mwanzo wa kiwanja hadi mwisho, weupe, wametota, wanateleza. Na katikati yao wanawake walikuwa wameketi wanawageuza kwa fagio, baadhi wameipa ndege mgongo. Tairi lilipita umbali ambao ungeweza kutupa kanga ikalifikia. Hakuna aliyegeuka.

Yusta alishuka akiwa na vitu viwili moyoni, kicheko na woga, asijue kipi kitangulie.

"Karibu, mhandisi," alisema Bwire, mlinzi wa kiwanja, mwanamume mnene aliyevaa kofia ya kazi na kandambili. Alishaona Yusta anakotazama. "Ee, najua. Kuna kibao kinakataza. Hata hicho kibao wanaanikia nguo."

"Tangu lini?"

"Muulize mama Nyabweke. Mimi hapa nalinda ndege tu, wale siwawezi."

Mama Nyabweke alikuwa ameketi karibu na mstari wa katikati kabisa, miguu ameinyoosha, fagio mapajani. Mwanamke wa makamo, mwenye mabega mapana ya kubeba na sauti iliyozoea kushindana na upepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usinikanyagie dagaa."

Yusta aliinua mguu haraka, akarudi nyuma. "Mama, ndege imepita hapo ulipo. Hukuiona?"

"Nimeisikia."

"Hukuogopa?"

"Niogope nini? Haipendi dagaa." Alisema hivyo kama mtu anavyosema paka hapendi maji. "Siku za kwanza tulianika pembeni huko. Siku moja upepo ukawasogeza, ndege ikaja, tairi likateleza, likayumba, tukasema leo tumeua watu. Kesho yake ikapita mbali. Tukasogeza tena, ikakaa mbali zaidi. Basi tukaelewana. Yeye kushoto, sisi kulia. Dagaa ndio ukuta wetu."

Wanawake wenzake walicheka. Yusta naye alicheka, kwa kuwa sasa aliyaona matope yake. Jicho la mguu liliona kitu kibichi, kinachong'aa, kinachoteleza. Wayo ukatafuta katika zile aina tano, ukakosa dagaa, ukachukua kilichofanana. Haukusema uongo. Ni yeye ambaye hakuupa neno.

Kisha kicheko kilimkauka, maana aliona lingine. Wayo haukuwa unawakwepa watu hawa. Haukujua kama wapo. Ulikwepa matope, na watu walikuwa wamekaa ndani ya matope.

"Kwa nini hapa lakini, mama? Kisiwa chote hiki?"

Mama Nyabweke alielekeza fagio chini. "Hapa palikuwa na mwamba. Bapa, mpana, mama yangu alianika hapa na bibi yangu alianika hapa. Walipotaka kiwanja waliulipua, wakasema ndipo penye usawa. Sisi tulijua zamani kwamba pana usawa. Dagaa wa mchangani wanakwenda kuliwa na kuku. Wa hapa wanaliwa na watu. Sasa wewe niambie tukaanike wapi."

Yusta alitoa simu, akampigia mzee.

* * *

"Dagaa!" Kapufi alirudia kwenye simu, na kwa muda alishindwa kuendelea kwa kucheka. "Nyufa za nchi nzima, kumbe ni dagaa. Haya. Futa somo, nami nitaomba wawekewe uzio."

"Nikifuta, ndege ya jioni itatua katikati. Watu wamezoea haiji."

"Ndiyo maana ya uzio."

"Uzio utajengwa lini, mzee? Na wataupanda. Mwamba ulikuwa wao." Yusta alitembea akielekea kivulini, akapunguza sauti. "Nataka niongeze aina ya sita. Nifute matope ya Namutare, halafu niufundishe wayo kumjua mtu."

Kapufi alipojibu, ucheshi ulikuwa umemtoka.

"Nimefanya kazi hii tangu hujazaliwa. Unadhani hatukuwahi kufikiria? Wayo unajua ardhi tu, kwa makusudi. Abiria kwake ni kilo. Ukiufundisha kwamba chini kuna mtu, siku moja utamkwepa huyo mtu na kuwatupa walio juu porini. Wa chini umemwona. Wa juu haujawahi kuwaona. Mguu usiojua hauna dhambi, Yusta. Ukishajua, dhambi yake ni yako."

"Na wasipojulikana wakakanyagwa, hiyo dhambi ni ya nani?"

"Ya aliyekaa penye kibao kinachokataza." Alipumua. "Sikuamuru. Mwalimu ni wewe. Lakini ndege zote nimezilaza mpaka uamue, na kuna watu wana wagonjwa wao wanasubiri. Ukifundisha, somo libaki kwenye ndege hiyo moja tu kwanza. Upande wewe, peke yako. Sitaki abiria mwingine humo."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuuma Yusta. Angekuwa mkorofi, ingekuwa rahisi kumpinga.

Alivaa soksi. Hapo ndipo alipogundua kwamba hajui pa kuanzia. Lami unaikanyaga, matope unayakanyaga. Mtu unamkanyaga vipi?

Alikuwa bado anajiuliza aliposikia sauti ya mama Nyabweke akiguna kwa uchovu. Jua limepanda, dagaa wamegeuzwa, na wanawake walikuwa wamejilaza kifudifudi kwenye mikeka chini ya paa la kusubiria abiria. Binti mmoja alikuwa amepanda juu ya mgongo wa mama yake, anatembea kwa visigino toka kiunoni hadi mabegani, mikono ameitanua.

"Hapo hapo," mama yake alikuwa anasema. "Polepole. Hapo ndipo penyewe."

Yusta naye alikuwa amemkanyaga mama yake mgongo kila jioni ya utoto wake, Kongwa, mama akitoka shambani. Ni nani katika nchi hii hajamkanyaga mkubwa wake? Nyayo zake zilikumbuka kabla yake: namna unavyopima uzito, unavyosikiliza mfupa, unavyosimama mara tu pumzi ya chini inapobadilika.

"Mama Nyabweke," alisema, "nikukanyage mgongo?"

"Mhandisi mzima?" Mama Nyabweke alishageuka na kulala. "Panda. Ila usinikanyage kama mnavyokanyaga mashambani huko Kongwa kwenu, mimi si shamba la karanga."

Alipanda. Vijicho vya soksi vilitazama kanga, joto, mgongo unaopanda na kushuka. Unyayo ulishuka kwa hofu.

"Unakanyaga kama kuku."

"Naogopa nisikuumize."

"Basi endelea kuogopa hivyohivyo, utamu uko hapo."

Aliendelea. Alipomaliza, mwingine alikuwa anasubiri, na mwingine. Wanene, wembamba, mmoja mwenye mimba aliyetaka akanyagwe nyayo tu. Mwishoni hata Bwire aliivua kofia, akatazama huku na huku, akalala kwenye foleni. Mchana ule Yusta alitembea juu ya nusu ya kisiwa, na ndani ya chuma, upande wa pili wa kiwanja, wayo uliandika neno la sita.

* * *

Akafuta matope ya Namutare. Kisha akaomba dagaa waanuliwe wote na lami ifagiliwe, kwa kuwa kama kungebaki kitu cha kuteleza asingejua mguu umekwepa nini. Alikusudia kuweka chungu cha maji moto mahali pa mtu, kilichofunikwa kanga. Mama Nyabweke alikiangalia chungu, akakisogeza kwa mguu, akaketi yeye.

"Mama, hapana."

"Ulikikanyaga chungu?"

"Sikukikanyaga."

"Basi utajuaje?" Aliweka fagio mapajani. "Kila siku nakaa hapa. Leo ndio umeniona, kwa hiyo leo ndio unaogopa. Nenda zako, panda."

Yusta alimvuta Bwire pembeni, akamwapisha kwamba ndege ikielekea kulia amburute mama yule hata kwa nywele. Bwire aliapa, akiwa ametoka jasho. Ndege ikapanda na mtu mmoja ndani yake, ikazunguka kisiwa, ikageuka.

Ni hapo juu alipotambua kwamba hajavua soksi. Soksi zilikuwa za kwenda na kurudi. Alichohisi mwalimu kilikwenda kwenye mguu, na alichohisi mguu, kama uko karibu, kilirudi kwa mwalimu. Basi tairi zilipogusa lami, aliigusa na yeye. Moto, ngumu, katikati kabisa, miguu yote miwili sawasawa. Wayo haukuchechemea. Angepiga kelele za furaha kama asingehisi unyayo wake wa kulia ukianza kuogopa.

Aliujua woga ule. Ulikuwa wake wa mchana ule, juu ya mgongo. Mguu ulikuwa umemwona mama Nyabweke, na ulipima uzito, ukasita, ukajinyanyua. Ndege nzima ikaangukia kushoto. Ilitoka kwenye lami kwa kasi, ikaparua nyasi, ikagonga jiwe na kusimama upande. Mkanda ulimkaba Yusta begani, kitu kikalia ndani yake kama kijiti kikavu.

Alipofumbua macho, mama Nyabweke alikuwa mlangoni, fagio bado mkononi, machozi yanamtiririka bila ya yeye kuyajali.

"Imenikwepa," alisema. "Mwanangu, imenikwepa mimi, ikakuumiza wewe."

* * *

"Mfupa wa bega," Yusta alimwambia Kapufi kwenye simu. Bwire alikuwa amemfunga mkono kwa kanga na kumketisha kwenye mkeka. "Ndege imechubuka tu."

"Pole, mwanangu." Kapufi alimaanisha. Kisha akasema lililobidi kusemwa. "Na ingekuwa imejaa?"

Yusta aliiona hiyo ndege iliyojaa. Picha ilikuwa wazi mno: wazee, watoto, wagonjwa wanaopelekwa Mwanza, wote wamerushwa kushoto. Mzee alikuwa ametabiri neno kwa neno. Na mama Nyabweke alikuwa hai, ameketi hapo, anampepea kwa upande wa kanga. Katika mambo hayo mawili hakuna hata moja ambalo angekubali kulifuta.

"Futa, Yusta. Umejaribu kwa moyo. Futa, tujenge uzio."

Wanawake walikuwa wanakusanya vitu vyao. Wenzao wawili walikuwa bado wamelala mikekani, na yule binti wa mchana alipita katikati yao, safari hii amefungiwa mdogo wake mgongoni kwa mbeleko. Yusta alimtazama jinsi alivyopita. Hakutanua mikono kama alivyofanya mwanzo. Alipowafikia waliolala aliwazunguka, lakini bila kugeuka ghafla. Aliinama kidogo kwa magoti, akapunguza mwendo mapema, mtoto wa mgongoni hata hakuzinduka.

Yusta alisimama, bega likamchoma, akaketi tena.

"Mzee," alisema kwenye simu, "ulisema abiria kwa wayo ni kilo."

"Ndivyo."

"Ni kwa sababu nilipoufundisha sikubeba mtu. Sikuwahi. Nilitembea nchi nzima mgongo mtupu." Alikuwa anavua soksi kwa mkono mmoja. "Unamjua wa chini tu, basi unamwonea huruma wa chini tu. Haujui kwamba na ule uzito wa juu una pumzi."

"Na utambeba nani na bega hilo?"

Hakuweza kumbeba hata paka, na alijua. Alijua pia kinachofuata, ndiyo maana ulimi ulimwia mzito. Atakayefundisha ndiye atakayekuwa na sauti ya kufuta. Miguu aliyoilea, iliyompasua visigino, ingemsikiliza mtu mwingine.

"Yusta," alisema Kapufi polepole, "hiyo soksi ikivaliwa na mtu wa nje, ndege ya kwanza ataipanda yeye, na siku tukitaka kufuta itabidi tumwombe yeye."

"Ndiyo, mzee. Itabidi tumwombe."

Kwenye simu Yusta akasikia kiti kikilia, kama mtu aliyeamua kuketi. "Na siku itakayokosa nafasi? Ikabidi mmoja aumie?"

"Itachagua vibaya au vizuri, sijui. Ila itajua inachagua nini. Leo haikujua."

Mama Nyabweke alizivaa soksi akilalamika kwamba zinamtekenya. Binti akampa mdogo wake, na wanawake wakarudi kujilaza kwenye lami, mbalimbali, wengine wakicheka, wengine wameshasinzia. Alitembea kati yao na mtoto mgongoni, anainama kwa magoti, anapunguza mwendo mapema, anazunguka bila kugeuka ghafla. Mahali palipobana kabisa alikanyaga ukingo wa mgongo wa mwenzake, kwa wepesi, akapita. Wa chini hakuguna, na wa juu hakulia.

Alitembea hivyo mpaka taa ndogo kwenye soksi ikawaka, na sauti ya wayo, sauti ileile iliyokuwa inaripoti matope, ikauliza kama kawaida yake.

"Mwalimu, nirithishe au nifute?"

Yusta alifungua mdomo kwa mazoea. Kisha akaufunga, maana haikuwa inamuuliza yeye.

Mama Nyabweke alimweka mtoto vizuri mgongoni, akatazama lami iliyokuwa mwamba wa bibi yake, akaitazama ndege iliyolala upande kwenye nyasi.

"Rithisha," alisema. "Na ukisahau, urudi hapa kwangu."